Skrini yangu imeng'ang'ania 1024 kwa 768

Ndugu Mshauri,

Salaam nyingi. Mimi si fundi wa kompyuta, ila Linux nimeitumia miaka kadhaa na terminali hainitishi. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu, kwa hiyo bila skrini inayoonyesha mambo sawasawa siwezi kufanya lolote.

Skrini yangu ni ya pikseli 1920 kwa 1080. Ilifanya kazi bila neno mpaka siku nilipowasha kompyuta nikakuta kila kitu kimevimba. Herufi kubwa, madirisha hayaenei, duara ninalochora linatoka yai. Nilipofungua mipangilio ya skrini, juu kabisa ya orodha palikuwa na 1024x768, na chini yake vipimo vidogo zaidi. 1920x1080 haimo. Zamani pia jina la skrini lilikuwa likionekana pale, sasa mfumo unasema hauijui.

Niliomba msaada kwa watu. Mmoja akanipa amri za xrandr, programu ya kupanga skrini kwenye terminali, za kujitengenezea kipimo, tena akasisitiza niweke hezi 75 (mara picha inavyochorwa upya kwa sekunde) badala ya 60 ili picha itulie. Skrini ikawa nyeusi, ikaandika kwamba mawimbi yako nje ya uwezo wake. Nikarudia kwa hezi 60, ikakubali, nikafurahi. Nilipozima na kuwasha, nikarudi palepale. Nikaweka amri hizo kwenye faili la ~/.xprofile zijiendeshe kila ninapoingia, mambo yakaenda. Halafu nikasasisha mfumo (wangu ni wa jamii ya Debian), na tangu hapo amri hazifanyi kitu. xrandr inaniambia habari za XWAYLAND0, jina nisilolijua.

Mtu mwingine ameniambia draiva ya Linux (programu inayoendesha kadi ya grafiki) ni mbovu, nifute mfumo au ninunue kadi mpya ya grafiki. Kabla ya kusasisha nilikuwa nimehifadhi jibu la xrandr, nalo ni hili:

VGA-1 connected primary 1024x768+0+0 (normal left inverted right x axis y axis) 0mm x 0mm
   1024x768      60.00*
   800x600       60.32    56.25
   848x480       60.00
   640x480       59.94

Niongeze kwamba skrini hii naigawana na kompyuta ya mwenzangu kupitia swichi ya KVM. Yake ina Linux ileile, na kwake picha ni safi kabisa. Nilisahau pia: siku chache kabla ya haya nilihamisha meza yangu upande wa pili wa chumba, nikaweka kebo ndefu zaidi kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye swichi.

Nifanyeje?

Msomaji wako,
Macho Yamechoka

JIBU

Dada yangu Macho Yamechoka,

Usifute mfumo, na kadi usinunue. Jambo uliloliandika mwishoni kama lililosahaulika ndilo lililopaswa kutangulia. Umebadilisha kebo, tatizo likaanza. Mwenzako ana Linux ileile, skrini ileile na swichi ileile, naye halalamiki. Basi skrini ni nzima, na shutuma dhidi ya draiva inakosa mguu wa kusimamia. Kinachobaki kuwa chako peke yako ni kebo hiyo ndefu na tundu lako kwenye swichi.

Jibu la xrandr ulilolihifadhi linasema hivyohivyo. Tazama mwisho wa mstari wa kwanza: 0mm x 0mm. Hapo ndipo upana na urefu wa kioo huandikwa kwa milimita. Sifuri mbili maana yake kompyuta haijui hata ukubwa wa skrini iliyo mbele yake. Kisha tazama orodha, hasa 848x480. Hakuna anayekaa akachagua 848x480. Hiyo, pamoja na wenzake watatu uliowanakili, ni orodha ya dharura ambayo kerneli ya Linux (kiini cha mfumo, kinachozungumza na vifaa) huitoa pale skrini inapoonekana kuwapo lakini haikujieleza. Kerneli haikukosea kusoma. Haikupata cha kusoma, ikachagua vipimo ambavyo karibu kila skrini inaviweza, na ikaishia 1024 kwa 768 kwa makusudi, maana kukisia juu zaidi ni kuhatarisha kukuachia kioo cheusi.

Skrini hujieleza kwa kipande kidogo cha data kiitwacho EDID, kiwango kilichotolewa mwaka 1994 na VESA, shirika linaloweka viwango vya skrini. Sehemu yake ya msingi ni baiti 128, na ndani yake mna alama ya mtengenezaji, ukubwa wa kioo, masafa ambayo skrini inayamudu na, muhimu kwako, kipimo chake cha asili. Kompyuta huiomba data hiyo kupitia nyaya mbili nyembamba zilizomo ndani ya kebo hiyohiyo ya picha. Kwenye VGA, aina ya kebo unayotumia, ni pini ya 12 na ya 15. Nyaya za rangi nyekundu, kijani na buluu ni nyingine kabisa. Ndiyo maana picha inaweza kufika ikiwa safi huku maelezo yakipotea njiani.

VGA yenyewe ni ya mwaka 1987, miaka saba kabla ya EDID, na mazungumzo haya yalipachikwa baadaye kwenye pini zilizokuwa na kazi nyingine. Hadi leo zipo kebo za VGA, hasa zile nyembamba na za kuunganishia urefu, ambazo hazina nyaya hizo mbili ndani. Huwezi kulijua hilo kwa kutazama kichwa cha kebo. Pini inaweza kuwapo na nyuma yake pasiwe na waya wowote. Hata zikiwapo, urefu huzidhoofisha, na swichi iliyo katikati haisaidii.

Sasa uhakikishe, usiniamini tu. Kwenye terminali andika:

cat /sys/class/drm/card*-VGA-1/edid | wc -c

Ukipata 128 au 256, maelezo yamefika na mimi nimekosea mwelekeo. Ukipata 0, hayakufika. (Usitumie ls kulipima faili hilo, kwani litaonyesha sifuri hata likiwa na kitu.) Kuna hali ya katikati pia, ya maelezo kufika yakiwa yameharibika. Hiyo huonekana kwa sudo dmesg | grep -i edid, ambapo kerneli italalamika kuhusu jumla ya ukaguzi isiyolingana. Baiti zote 128 zikijumlishwa lazima zigawanyike kwa 256 bila baki. Baiti moja tu ikipinda safarini, hesabu inakataa.

Baada ya hapo badilishaneni kebo na mwenzako. Yake iingie kwenye kompyuta yako na yako iende kwake, lakini kila mmoja abaki kwenye tundu lake la swichi. Zima, washa, upime tena. Ugonjwa ukihamia kwake, kebo ndiyo yenye kosa. Ukibaki kwako, badilishaneni matundu. Hakuna programu itakayokupa jibu la uhakika kuliko hilo. Wakati wa kuwasha, hakikisha swichi imeelekezwa kwenye kompyuta yako, kwa sababu swichi nyingi za bei ndogo hupitisha mazungumzo haya kwa kompyuta iliyochaguliwa tu, na inayowaka ikiwa haijachaguliwa huambulia patupu.

Kama ni kebo, dawa ya kweli ni kebo nyingine: fupi kadiri meza inavyoruhusu, nene, na iliyotajwa wazi kuwa ina nyaya zote. Kama ni swichi, zipo zinazohifadhi EDID ya skrini na kuipa kila kompyuta muda wote. Narudia kwamba hii ndiyo dawa ya kweli kwa sababu nitakayokueleza sasa ni kiraka, ingawa ni kiraka kizuri.

Tuseme meza haiwezi kurudi ilikokuwa. Basi maelezo ambayo kebo imeshindwa kuyaleta, tuyaweke wenyewe ndani ya kompyuta. Hapa una bahati, maana kompyuta ya mwenzako inayapata. Kwenye kompyuta yake, swichi ikiwa imeelekezwa kwake, andika:

cat /sys/class/drm/card*-VGA-1/edid > skrini.bin

Kisha yasome kwa edid-decode skrini.bin. Hakikisha jina linalotajwa ni la skrini yenu, si la swichi, na kwamba 1920x1080 imo. Usishawishike kuyanakili kupitia tundu la HDMI la skrini hiyohiyo. Skrini nyingi hutoa maelezo tofauti kwa kila tundu, na ya HDMI husema mawimbi ni ya kidijitali wakati VGA ni ya analogi.

Hamisha faili kwa flashi hadi kwenye kompyuta yako, kisha:

sudo mkdir -p /lib/firmware/edid
sudo cp skrini.bin /lib/firmware/edid/

Fungua /etc/default/grub, faili la mipangilio ya GRUB (programu inayoanzisha Linux kompyuta inapowaka), tafuta mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, na ndani ya alama za nukuu uongeze, bila kufuta yaliyokuwepo:

drm.edid_firmware=VGA-1:edid/skrini.bin

Hifadhi, andika sudo update-grub, zima na kuwasha.

Wengi hukwama hapa, wakadhani njia yenyewe ni mbovu. Kwenye kompyuta nyingi draiva ya grafiki huamka mapema sana, ikiwa bado ndani ya initramfs, yaani ule mfumo mdogo unaotangulia mfumo wenyewe. Wakati huo /lib/firmware ya diski yako haijafunguliwa, kwa hiyo faili halionekani. Dalili yake kwenye dmesg ni kosa namba -2 likitaja edid/skrini.bin. Likikutokea, tengeneza faili /etc/initramfs-tools/hooks/skrini lenye mistari hii:

#!/bin/sh
if [ "$1" = "prereqs" ]; then exit 0; fi
mkdir -p "$DESTDIR/lib/firmware/edid"
cp /lib/firmware/edid/skrini.bin "$DESTDIR/lib/firmware/edid/"

Lipe ruhusa kwa sudo chmod +x, endesha sudo update-initramfs -u, halafu washa upya. Wanaotumia Fedora watalitaja faili hilo kwenye mipangilio ya dracut kwa install_items, na wa Arch wataliweka kwenye FILES ndani ya mkinitcpio.conf.

Ikiwa huna hamu ya kazi hiyo yote, ipo njia ya mkato. Badala ya edid_firmware, weka kwenye mstari uleule wa GRUB:

video=VGA-1:1920x1080M@60

Herufi M inaiambia kerneli ipige yenyewe hesabu za masafa kwa CVT, kanuni ya VESA ya kukokotoa masafa ya skrini. Utapata 1920x1080, lakini skrini itabaki bila jina na bila ukubwa wa kioo, na wewe unayepanga kurasa utataka mfumo ujue sentimita za kweli. Ndiyo maana nimeanza na ile ndefu.

Nirudi kwenye majaribio yako, maana hayakushindwa kwa bahati mbaya. Hezi 75 zilikataliwa kwa sababu 1920x1080 kwa kasi hiyo, kwa hesabu za CVT, inadai zaidi ya megahezi 220 za saa ya pikseli (kasi ya kutuma pikseli kwenye skrini), wakati kwa hezi 60 inadai 173 tu. Skrini ilikwambia ukweli ilipoandika kwamba iko nje ya uwezo. Na ushauri wa kutuliza picha ulikuwa wa zama za skrini za mirija, ambazo kweli zilikuwa zikimetameta kwa hezi 60. Skrini bapa haina tabia hiyo, kwa hiyo aliyekushauri alikupa dawa ya ugonjwa mwingine.

xrandr nayo hubadilisha sesheni iliyo wazi tu. Ukitoka, imekwisha. Kuiweka kwenye ~/.xprofile kulisaidia mradi ulikuwa kwenye X11, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha kwenye skrini. Uliposasisha, mfumo ulikuhamishia Wayland, mrithi wa X11, na huko mwenye usemi juu ya skrini ni programu ya dawati yenyewe, GNOME au KDE. xrandr bado inajibu, ila inazungumza na daraja la kuendeshea programu za zamani, na XWAYLAND0 ni skrini ya kuigiza ndani ya daraja hilo. Thibitisha kwa echo $XDG_SESSION_TYPE. Ikijibu wayland, amri zako za zamani ziondoe, hazina wa kumwamuru. Njia zote mbili nilizokupa hapo juu zinafanya kazi ndani ya kerneli, chini ya X11 na chini ya Wayland, kwa hiyo hutazirudia kila mfumo unapobadilisha dawati.

Ukishamaliza na orodha ikarudi, mipangilio ya GNOME inaweza bado kung'ang'ania 1024x768 kwa sababu ilikumbuka chaguo la mwisho. Kumbukumbu hiyo iko kwenye ~/.config/monitors.xml. Ipe jina jingine, toka, ingia tena.

Wasomaji wengine watakaosoma haya wakiwa na skrini iliyovimba, msikimbilie EDID kabla ya kutazama jina la tundu. xrandr ikisema default au None-1 badala ya VGA-1 au HDMI-1, au ikilalamika kwamba imeshindwa kupata ukubwa wa gamma, skrini haina hatia: draiva halisi haijapakiwa kabisa. Soma cat /proc/cmdline. Mara nyingi mtakuta neno nomodeset lililowekwa siku ya kusakinisha mfumo ili kioo kisiwe cheusi, kisha likasahaulika. Liondoeni. Kama halimo, lspci -k itawaonyesha kama kadi ya grafiki ina draiva inayoitumia au imeachwa yatima.

Na wa HDMI: kerneli huliita tundu HDMI-A-1 wakati xrandr huliita HDMI-1. Kwenye GRUB lazima liwe jina la kerneli, lile linaloonekana ukiandika ls /sys/class/drm. Mtu anaweza kupoteza jioni nzima kwa sababu ya herufi A. Tena ile hesabu ya megahezi 173 huvuka kikomo cha 165 cha matundu ya HDMI ya awali na adapta za DVI za njia moja. Kwa hao, herufi R ikiongezwa baada ya M hupunguza nafasi tupu kati ya mistari na kushusha hitaji hadi 138.5.

Dada, kabla hujagusa GRUB, jua njia ya kurudi. Kompyuta ikiwaka na kioo kikawa cheusi, iwashe upya, na shikilia Shift au bonyeza Esc mpaka menyu ya GRUB itokee. Simama kwenye mstari wa kwanza, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, futa maneno uliyoongeza, halafu Ctrl na x. Ufutaji huo ni wa mara hiyo moja tu. Utaingia kwenye 1024x768 yako ya zamani, na kutoka hapo utasahihisha /etc/default/grub kwa utulivu.